Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Habari za ada, misiba na sherehe mtazisikia kwa katibu na mweka hazina. Mimi nina jambo moja, lile ambalo baadhi yenu mmeliita "siasa za wenyeji": pesa za makampuni katika uchaguzi.

Novemba 2024 sisi wapiga kura wa jimbo letu la Maine, hapa Marekani, karibu robo tatu yetu, tulikubali kwamba mtu au kampuni isichangie zaidi ya dola 5,000 kwa mwaka kwenye mifuko inayompigia mgombea debe kutoka pembeni, nje ya kampeni yake mwenyewe. Kwa wanachama kadhaa hiyo ndiyo ilikuwa kura ya kwanza tangu wapate uraia. Julai 2025 jaji wa shirikisho akaizuia sheria hiyo. Rufaa imekatwa, ila kikwazo ni cha tangu 2010, pale majaji 5 kati ya 9 wa Mahakama ya Juu, katika kesi ya Citizens United, walipoamua kuwa kampuni ikitumia pesa zake kwenye kampeni inatumia uhuru wake wa kusema. Ile sheria ya 2023 ya kuzuia pesa za serikali za nje, iliyopata asilimia 86, nayo imekwama mahakamani. Lakini kura hiyo ya 2023 iliwataka pia wawakilishi wetu wasukume marekebisho ya Katiba ya Marekani ili pesa hizo ziweze kuwekewa mipaka, na hapo ndipo kamati yetu ilipoanzia.

Februari, theluji imefika magotini, tulikaa jikoni kwa katibu na sinia la mandazi tukifasiri karatasi ya ukurasa mmoja ya kueleza jambo hili. Saa nzima ikaishia kwenye neno moja: tuandike uhuru wa kusema au uhuru wa maoni? Mzee wetu wa Uvira, ambaye alikuwa kimya muda wote, akauliza: "Sasa hii feza inasemaka luga gani?" Tukalichapa swali lake juu kabisa ya karatasi. Dada mmoja kutoka Tanga akakumbusha kwamba Tanzania sheria ya mwaka 2000 iliruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, na ni Mahakama Kuu iliyoifuta 2006. Wengi hawakuamini kwamba huku mahakama imekwenda upande wa pili.

Safari ni ndefu, sitawaficha. Inatakiwa theluthi mbili katika kila baraza la Kongresi, kisha majimbo 38 yaridhie. Mwaka 2014 pendekezo la namna hiyo lilipata kura 54 kwa 42 katika Seneti, hazikutosha hata kufunga mjadala ili lipigiwe kura yenyewe. Majimbo zaidi ya 20 yameshaomba marekebisho, Maine likiwemo tangu 2013. Wanaotucheka nawakumbusha marekebisho ya 27 ya Katiba, yale ya mishahara ya wabunge wa Kongresi: yalipendekezwa 1789, yakakamilika 1992, baada ya mwanafunzi mmoja wa Texas kuyaandikia mabunge ya majimbo barua kwa miaka kama kumi. Insha yake juu ya jambo hilo mwalimu alikuwa ameipa C.

Makosa yalikuwepo. Mkutano wa Mei niliupanga siku moja na send-off, wakaja watu saba, wanne wakiwa wa kamati. Halafu kuna aliyekaa kwenye meza yetu sokoni amevaa fulana ya mgombea. Tafadhali. Chama hiki hakimpigii debe mtu wala chama cha siasa, na usajili wetu unategemea hilo.

Kilichonifurahisha ni postikadi za kuwaomba maseneta waunge mkono marekebisho. Wengi walioziandika bado hawajapata uraia, na kumwandikia seneta hakuhitaji pasipoti. Mama mmoja aliandika yake kwa Kiswahili, mwanawe wa darasa la sita akaifasiri kwa chini, na jibu likaja.

Kadi zilizobaki ziko kwa mweka hazina, stempu ni juu ya chama. Tunatafuta mfasiri wa Kinyarwanda na wa Kirundi kabla ya Januari. Mandazi yatakuwepo.

Mwenyekiti