Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Msimu wa 2023–2024

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji ya klabu yetu ya pikipiki za theluji na magari ya porini, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka ambao tulizungumza na wenye ardhi kuliko tulivyoendesha pikipiki za theluji, mashine zinazosukumwa na mkanda mpana badala ya magurudumu. Sababu mnaijua. Upper Peninsula, eneo la misitu kaskazini mwa jimbo la Michigan, Marekani, ambako Ziwa Superior limezoea kutumwagia theluji bila kuombwa, hata rasi ya Keweenaw ikapata inchi 390.4 katika msimu wa 1978–79, safari hii ilikaa Februari ardhi ikiwa wazi, na mashindano ya mbwa wavuta sleji ya UP200 huko Marquette yakafutwa. Wale mlioomba likizo kazini Grand Rapids na Lansing, mkavuka daraja la Mackinac na mashine kwenye trela, kisha mkarudi nazo bila kuziwasha, poleni.

Njia za pikipiki za theluji za jimbo hili zinazidi maili 6,000, na karibu nusu yake zinapita katika ardhi ya watu binafsi waliokubali tupite kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi. Theluji ikiwa haba, dereva huiacha njia na kuifuata ilikobaki, nayo hubaki kivulini, mara nyingi katikati ya miche. Ndivyo ilivyotokea kwa mmoja wa majirani zetu. Alitupeleka hadi shambani kwake akatuonyesha misonobari michanga, mingi haijafika magotini, iliyovunjwa vilele katika mstari wenye upana wa mkanda wa mashine, na siku hiyohiyo akaifunga njia. Haijathibitika kama waliopita pale walikuwa wanachama wetu. Kwa maoni yangu swali hilo halina uzito, kwani mwenye shamba hana namna ya kututofautisha na wengine, wala hana wajibu wa kufanya hivyo. Baada ya mimi na katibu kwenda kumwona mara kadhaa, amekubali tupite pembezoni mwa shamba, kwa sharti kwamba kamba na alama ziwe zimewekwa kabla ya Desemba.

Baadhi yenu mlipiga simu, wengine kwa ukali, mkiuliza kwa nini trekta la kusawazisha njia lilikuwa limeegeshwa. Kazi hiyo hufanyika usiku kwa sababu theluji iliyokatwa na visu, ikapinduliwa na kukandamizwa na bamba la nyuma, huhitaji saa kadhaa za baridi bila kukanyagwa ndipo ikaze. Ikiwa nyembamba, visu huchota mawe na udongo, na tunaharibu njia pamoja na mashine. Kamati ilikataa kulitoa, nami nausimamia uamuzi huo.

Kuhusu fedha, mweka hazina atawasomea hesabu. Mimi nakumbusha tu kwamba mpango wa njia hizi unategemea ada za vibali na usajili wa pikipiki za theluji, wala si kodi ya jumla. Kwa hiyo kila anayeahirisha kununua kibali hadi aone theluji anapunguza fedha za kuitunza njia anayoisubiri. Kibali kipya huanza tarehe 1 Oktoba.

Kwa upande wa magari ya porini, kazi yetu kubwa ilikuwa kuzibua makalvati. Njia nyingi huku zimelala juu ya matuta ya reli za zamani, na mafuriko ya tarehe 17 Juni 2018 yaliyokata matuta hayo kuzunguka Houghton yalionyesha kinachotokea maji yakikosa pa kupita. Wenye magari haya naomba pia msubiri ardhi ikauke baada ya theluji kuyeyuka, kwani mifereji ya magurudumu ya Aprili ndiyo tunayohangaika kuifukia kiangazi kizima.

Kazi ya kuweka kamba na alama kwenye njia mpya itafanyika Novemba. Katibu anayo orodha ya kujiandikisha, na hadi naandika taarifa hii majina yaliyomo ni ya wanakamati peke yao.

Mwenyekiti