Ngitili zetu ziandikwe kwenye mipango ya ardhi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ngitili, yaani malisho yanayotengwa yapumzike, jambo linalotugusa sana sisi wakazi wa Shinyanga na Simiyu. Kila mradi mpya unapofika kijijini, kikao cha kwanza huanza kwa kutuuliza tumepungukiwa na nini. Tunataja maji, zahanati, barabara na mbegu, mgeni anaandika, kisha tunatawanyika. Ni nadra kuulizwa tuna nini na tunajua nini, na kwa maoni yangu hapo ndipo miradi mingi inapofia.

Ushahidi tunao hapa hapa. Wazee wa Kisukuma walikuwa na desturi ya kutenga sehemu ya malisho mara mvua zinapoanza na kuzuia ng'ombe wasiingie humo mpaka kiangazi kikali, ili nyasi zikue, miti ichipue na mifugo ipate chakula wakati kwingine kote kumekauka. Sehemu hiyo ndiyo ngitili. Desturi hiyo ilidhoofika taratibu: misitu ilifyekwa tangu miaka ya 1920 ili kuwaangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na watu walipohamishiwa katika vijiji vya pamoja miaka ya 1970 wengi waliziacha ngitili zao nyuma. Nilipokuwa mdogo mama yangu alipikia samadi kavu na mashina ya pamba, kwa sababu kuni zilikuwa mbali mno, na samadi hiyo ndiyo ambayo ingepaswa kurutubisha shamba.

Mwalimu Nyerere alipotembelea mkoa wetu mwaka 1984 alishtushwa na hali aliyoikuta, na mwaka 1986 Serikali, kwa msaada wa Norway, ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Mwanzoni nguvu kubwa iliwekwa kwenye vitalu na miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni. Mabadiliko makubwa yalikuja pale wataalamu walipokaa na wazee na kukubali kwamba chini ya ardhi iliyoonekana tupu kulikuwa na visiki na mizizi iliyo hai, ikingoja tu kuachwa ipumzike. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimefufuliwa katika zaidi ya hekta 300,000 kwenye vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati ule. Kanuni zilijadiliwa katika dagashida, yaani mkutano wa jadi wa Wasukuma, ulinzi ukategemea sungusungu, na aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alitozwa faini na majirani zake mwenyewe. Kuni, asali, nyasi za kuezekea, dawa, uyoga na nguzo vikarudi karibu na nyumbani.

Nimeona pia kinyume chake. Miaka kadhaa iliyopita tuliletewa kijijini kwetu miche ya mti ambao hakuna aliyeujua, ikapandwa mvua zikiwa zinakwisha kwa sababu ndipo fedha zilipotoka. Wazee walisema wakati umepita, lakini hawakusikilizwa. Miche yote ilikufa, na tangu siku hiyo imekuwa vigumu kuwaita vijana kwenye kazi yoyote ya pamoja, kwa kuwa walichimba mashimo mamia bila kuona faida.

Sisemi kwamba kila cha zamani kilikuwa sawa. Wenye mifugo mingi ndio waliokuwa na ngitili kubwa, na wanawake, ambao ndio wanaobeba kuni na kuchota maji, mara nyingi hawakuwa na sauti juu ya ardhi hiyo. Hilo lazima lirekebishwe, na linaweza kurekebishwa na wanakijiji wenyewe wakiwezeshwa kisheria.

Hofu yangu leo ni kwamba ngitili zinamegwa. Baba akifariki watoto wanagawana, kila mmoja analima kipande chake, na mchoma mkaa anamaliza kilichobaki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zinatoa njia ya kulizuia hilo. Naziomba halmashauri zetu zihakikishe kwamba kila mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji unaanza kwa afisa ardhi na afisa misitu kutembea na wazee na akina mama, kuhesabu ngitili zilizopo na kuzichora kwenye ramani. Zile za jamii zipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, na zile za kaya zipewe hati ya hakimiliki ya kimila yenye jina la mume na la mke.

Kijiji chetu kimekwishapitisha sheria ndogo ya kulinda ngitili zake na kuiwasilisha ngazi ya juu ili iidhinishwe. Muda mrefu umepita na bado tunasubiri. Tunaomba itufikie kabla ya mvua za Novemba, kwa maana huo ndio wakati wa kufunga ngitili, na mtendaji wetu hawezi kumtoza mtu faini kwa sheria ambayo bado iko kwenye faili.

Msomaji wako,
Shinyanga