Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Dawa, Breki na Mbio Zetu za Kalinzi

Ndugu wanachama wa chama chetu cha baiskeli hapa Kigoma,

Katiba yetu inanitaka nieleze shughuli za mwaka, fedha na mipango. Habari za fedha anazo mweka hazina, atazisoma baada yangu, na vitabu viko mezani kwa yeyote anayetaka kupekua risiti. Ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana. Mazoezi ya Jumamosi asubuhi, kutoka Ujiji kwenda Mwandiga, hayakukatika isipokuwa majuma yale ya mvua kubwa. Hayo yanatosha. Muda uliobaki nauomba kwa jambo lililoninyima usingizi, nalo lilitoka kinywani mwangu mwenyewe.

Nilipofunga mkutano mkuu wa mwaka jana nilisema: "Kuanzia leo, mwanachama atakayekutwa na dawa siku ya mbio, tunamfuta." Mlipiga makofi, nami nikaketi nimeridhika. Sikusema dawa gani. Sikusema nani aulizwe. Nilitaka chama safi, nikatoa amri bila kuielewa.

Mwezi Julai tulipanda Kalinzi. Mnaijua njia ile: unaanza chini, karibu na ziwa, mita 773 kutoka usawa wa bahari, unapanda mpaka hewa inabadilika na unaanza kuona kahawa. Tulipita njia ya udongo, na kiangazi kilikuwa kimeshasaga ardhi ikawa unga mwekundu. Mimi nilikuwa nyuma, nikikusanya waliochoka. Kwenye kona moja kabla ya mashamba nikamkuta kijana wetu mmoja ameketi ukingoni, baiskeli imelala kwenye nyasi, mikono ameikaza magotini, mabega yanapanda na kushuka. Kila alipovuta pumzi, ngozi ya shingoni iliingia ndani. Nikasikia kifua kikipiga filimbi. Nikamuuliza pampu yake ya pumu iko wapi, maana namjua tangu mtoto. Hakuweza kumaliza sentensi. Alisema, "Nyumbani. Ulisema... tunafutwa."

Bodaboda aliyekuwa akishuka na mkungu wa ndizi aliutua mkungu wake barabarani, akampakia, nami nikakaa nyuma kumshika asianguke. Kwenye kituo cha afya walimwekea mashine ya mvuke wa dawa, na baada ya muda akaanza kuongea. Leo yuko humu ndani na anaendesha. Nimeshakwenda kwa wazazi wake kuomba radhi. Leo naiomba mbele yenu, na ile amri naifuta.

Badala yake nawaeleza sheria yenyewe, kama nilivyoisoma na kuulizia mwaka huu kwa msaada wa katibu na wa mwanachama wetu mfamasia.

Dunia nzima inafuata Kanuni moja, inayosimamiwa na Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kuongeza Nguvu Michezoni, WADA, lililoundwa mwaka 1999. Orodha ya dawa zilizokatazwa huandikwa upya kila mwaka na huanza kutumika tarehe 1 Januari. Chama cha baiskeli cha dunia, UCI, kimeikubali Kanuni hiyo, na kwa hiyo inamgusa kila aliye chini ya vyama vya taifa, pamoja na sisi wa ridhaa. Wapo wanaosema mpimaji hatafika Kigoma. Wawakumbuke waendeshaji wawili wa mbio za ridhaa za New York mwaka 2012, mbio ambazo mtu hulipia mwenyewe kuingia, waliopimwa wakakutwa na EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu. Na vijana wetu walioangalia mashindano ya dunia ya barabarani pale Kigali Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, wakaniambia wanataka kufika huko, wajue kwamba leseni inakuja pamoja na chupa ya mkojo.

Tuanze na pumu. Salbutamol ya kupuliza inaruhusiwa bila kibali chochote, mradi isizidi mikrogramu 1,600 kwa saa 24, na katika saa 8 zozote isizidi 600. Ile pampu ya bluu kwa kawaida hutoa mikrogramu 100 kila unapobonyeza, kwa hiyo mipulizo 6 ndani ya saa 8 bado uko ndani ya mpaka. Salbutamol ya vidonge au ya maji ya kunywa ni habari nyingine. Hiyo imekatazwa wakati wote, siku ya mbio na siku ya mapumziko, mpaka upate kibali cha tiba, yaani ruhusa rasmi ya kutumia dawa iliyokatazwa kwa sababu ya ugonjwa. Najua wengi wenu wenye pumu mlipewa vidonge kwa sababu ni rahisi kupata. Mwulizeni daktari kama mnaweza kuhamia pampu, ambayo hata kwa kifua ni bora. Na mtu akibanwa njiani, atibiwe kwanza kwa chochote kitakachomwokoa. Kanuni inaruhusu kuomba kibali baada ya tiba ya dharura.

Wazee wetu wa presha nao walinijia wakinong'ona. Amlodipini na losatani hazina tatizo. Dawa za kukojoza maji, yaani furosemaidi na haidroklorothaiazidi, zimekatazwa wakati wote kwa sababu zinaweza kuficha dawa nyingine kwenye mkojo, na vidonge vingine vya presha huchanganywa nayo hiyo ya pili. Insulini pia iko kwenye orodha. Nasisitiza, na katibu aandike kwenye muhtasari: hakuna mwanachama wa kuacha dawa yake kwa ajili ya chama. Anayeihitaji atasaidiwa kujaza maombi ya kibali, na karatasi zake atazishika mfamasia peke yake.

Mseto wa malaria unaruhusiwa. Paracetamoli, diklofenaki na ibuprofeni zinaruhusiwa. Antibayotiki zinaruhusiwa. Kafeini, ile iliyomo kwenye kahawa, iliondolewa kwenye orodha mwaka 2004, kwa hiyo watu wa Kalinzi wasiwe na wasiwasi na ukarimu wao.

Sasa nije kwenye mambo mawili yaliyotokea kwetu ambayo siyahurumii hivyo.

La kwanza ni tramadol, dawa kali ya kutuliza maumivu. Usiku wa kuamkia mbio, kwenye nyumba tuliyolala, vidonge viligawiwa kama karanga. Walionieleza walisema ni "vya miguu", isisikie maumivu mlimani. UCI iliipiga marufuku dawa hiyo tangu tarehe 1 Machi 2019, na WADA ikafuata tarehe 1 Januari 2024 kwa siku za mashindano. Siku ya mashindano huanza saa 5 na dakika 59 usiku wa kuamkia mbio, lakini kinachotazamwa ni kilichomo mwilini unapopimwa, hata kama ulikimeza mapema. Ugomvi wangu na tramadol hauishii kwenye sheria. Inaleta usingizi na kizunguzungu, inafanya mwili uizoee mpaka uidai, na mtu aliyeimeza anakuja kushuka mlima kwa kasi nyuma ya mwenzake. Nilipomuuliza mmoja wao alijibu kwamba kwa kuwa sisi si wa kulipwa, nani anaumia? Jibu lake ni yule mwenzake aliye mbele yake kwenye mteremko. Mirungi na bangi nazo zimekatazwa siku ya mashindano, mbali na kwamba sheria za nchi zimeshazikataza.

La pili ni dripu. Kwetu dripu imekuwa kama supu: mtu amechoka, anakwenda kulazwa saa moja atundikiwe chupa ya glukosi, anatoka anajisikia mpya. Kuingiza kwenye mshipa zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 kumekatazwa wakati wote, hata kama ni maji na chumvi, isipokuwa ni tiba halali ya hospitali, upasuaji au uchunguzi. Chupa ya kawaida ni mililita 500. Mwanachama wetu mmoja alitundikiwa mbili siku moja kabla ya mbio, akiwa mzima, akatusimulia kwa furaha kabisa. Hakujua, na sikumwadhibu. Uji, maji na chumvi kidogo vinatosha kwa mlima wetu.

Kuhusu adhabu: kanuni za dunia humhukumu mtu kwa kilichomo mwilini mwake, awe alikusudia au hakukusudia. Anayekusudia hufungiwa miaka 4. Mtu wa ridhaa anayethibitisha kwamba hakuwa na kosa kubwa anaweza kupewa onyo tu, au kufungiwa hadi miaka 2. Ndiyo maana sitaki tena neno "tunamfuta" lije kabla ya swali "umetumia nini, na nani alikupa?" Zile dawa za chupa za kuongeza nguvu zinazouzwa stendi bila kuandikwa kilichomo ndani, ziacheni, maana hata aliyeziuza hajui.

Nihamie kwenye vyombo.

Katika kushuka Kalinzi walianguka wawili. Mmoja alipasuka tairi na hana lawama. Wa pili nilikaa naye jioni kwenye benchi la fundi wetu pale Mwanga, tukafungua gurudumu la mbele. Fundi aliitoa pedi ya breki, akaigeuza kwenye mwanga, ikang'aa kama kioo. Akaninusisha. Ilikuwa na harufu ya mafuta yaliyoungua. Mwenye baiskeli akakiri kwamba diski ilikuwa inapiga kelele, akaidondoshea mafuta ya cherehani. Ndugu zangu, diski haipakwi mafuta ya aina yoyote. Pedi ni kama sifongo, ikinyonya mafuta imekwisha, inunuliwe nyingine. Diski ioshwe kwa spiriti na kitambaa safi, na vidole visiiguse. Kelele ile mara nyingi ni vumbi tu.

Wenye breki za maji, angalieni chombo chenu kinatumia nini. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini. Ukiziongezea maji ya breki ya gari, yale ya DOT, mipira ya ndani huvimba na kuharibika, na utagundua ukiwa kwenye mteremko.

Kulikuwa na hoja ya kuwazuia wenzetu wenye baiskeli za kizamani za Phoenix kwa kuwa breki zao za vyuma haziaminiki. Niliipinga kwenye kamati na naipinga hapa. Kuna watu katika chama hiki waliojifunza kupanda mlima wakiwa na madumu mawili ya mawese nyuma, na hakuna mwenye gia 12 aliyewafundisha kitu. Tulichokubaliana ni kwamba kuanzia mwaka huu saa itasimama Kalinzi. Mshindi atapatikana juu. Kushuka tutashuka pamoja, taratibu, bila kuhesabiwa muda, na mwenye Phoenix anaweza kuteremshiwa baiskeli yake kwenye gari. Najua wapo wanaopenda mteremko kuliko kupanda. Wanisamehe, njia ile ina watoto wanaotoka shule.

Kofia ngumu ni lazima, na hapa sitabembelezwa. Povu la ndani limetengenezwa lijiponde mara moja ili kichwa kisipondeke. Likishapigwa, hata kama nje halina mkwaruzo, kazi yake imekwisha. Kwa sababu hiyo kofia ya mitumba ni bahati nasibu, hujui ilianguka na nani huko ilikotoka. Kamati imetenga sehemu ya akiba kununua mpya zenye alama ya EN 1078, kiwango cha usalama cha Ulaya, ziuzwe kwa wanachama kwa bei ya kununulia, kwa awamu.

Kwa cheni, njooni na rula ya inchi. Pini 25 za cheni mpya, kuanzia katikati ya ya kwanza mpaka katikati ya ya mwisho, ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha. Ikizidi kwa moja ya nane, imeshakula gia pia, na gharama unaijua. Usukani usio na vifuniko vya ncha hauanzi mbio, maana bomba tupu hukata nyama.

Mmoja aliuliza kuhusu baiskeli ya betri. Aje nayo kwenye mazoezi, tutafurahi. Kwenye mbio itakuwa na kundi lake, kama UCI ilivyofanya tangu 2019 kwa baiskeli zenye mota isiyozidi wati 250 na inayokata msaada kwenye kilomita 25 kwa saa. Mota ya kufichwa ni udanganyifu. Mwaka 2016 huko Zolder, Ubelgiji, mota ilikutwa ndani ya baiskeli ya Femke Van den Driessche, naye akafungiwa miaka 6.

Mambo ninayoomba mkutano upitishe leo ni haya. Kwanza, amri yangu ya mwaka jana ifutwe rasmi kwenye muhtasari. Pili, kila mwanachama ajaze fomu ya siri ya dawa anazotumia, aikabidhi kwa mfamasia ndani ya bahasha iliyofungwa, majuma matatu kabla ya mbio, ili kama kuna kibali cha kuombwa tuwe na muda. Tatu, ukaguzi wa vyombo ufanyike jioni ya kabla ya mbio na siyo asubuhi yake, ili mwenye tatizo apate usiku mzima wa kurekebisha. Fundi amekubali kukaa na taa mpaka wa mwisho aondoke.

Fomu ziko kwa katibu, kwenye kasha jeupe karibu na mlango. Yule kijana wetu ameshajaza yake, na ameomba yeye ndiye asimame pale kwenye ile kona mwaka huu, na pampu ya akiba mfukoni.