Kwa wazazi na wanafunzi wa bweni: ulizeni chanjo ya homa ya uti wa mgongo kabla hamjafunga tranka

Wanangu wa Mbeya, Rungwe na Mbarali, na ninyi wajukuu mnaokwenda kuripoti kidato cha tano, marahaba kwa shikamoo zenu zote.

Najua fomu ya kujiunga mmeisoma mpaka mstari wa mwisho. Godoro lipo, ndoo ipo, blanketi mbili zipo kwa sababu ya baridi ya Julai. Mimi muuguzi mstaafu naongeza moja: homa ya uti wa mgongo. Ile inayoletwa na bakteria huua mgonjwa mmoja kati ya sita, na wengine wanaopona hubaki viziwi au na kifafa. Hupita kwa mate na makamasi. Sasa bweni letu la wakati wa baridi mnalijua: vitanda vimebanana, madirisha yamefungwa usiku kucha, kikombe kimoja watu wanne.

Mama ataniambia, "Wangu alimaliza chanjo zote." Hongera. Lakini ile ya nimonia, ambayo huzuia aina mojawapo ya ugonjwa huu, ilianza nchini 2013. Mtoto aliyezaliwa miaka kadhaa kabla ya hapo hakuikuta. Na bakteria anayeitwa meningokoka, anayependa vijana waliosongamana, chanjo yake haimo kabisa katika ratiba ya watoto wetu. Ipo lakini, mahujaji hawaendi Makka bila kuchanjwa. Ulizeni hospitali ya mkoa, au wanapochanjwa wasafiri, inapatikana wapi na kwa bei gani. Anayeweza amchanje mwanawe mapema, maana kinga haijengeki siku ileile ya sindano.

Wanafunzi, chanjo haizuii kila aina, kwa hiyo jueni dalili. Homa ya ghafla, kichwa kinapasuka, shingo imekakamaa hata kidevu hakigusi kifua, kutapika, mwanga unaumiza macho, mwenzenu anaongea yasiyoeleweka. Msimpe mseto wa kuazima mkasema ni malaria, wala msingoje kukuche. Mwamsheni matroni au patroni saa hiyohiyo. Ugonjwa huu unaweza kuua ndani ya siku moja.

Kuna jambo limeniudhi miaka yote ya kazi. Daktari anataka kutoa maji ya mgongo apime, mzazi anakataa, eti sindano ile inapoozesha. Nani aliwaambia? Sindano huingia chini kiunoni, pale ambapo uti wenyewe, ule mshipa wa fahamu ulio ndani ya mifupa ya mgongo, umeshaishia. Mtoto anayeonekana amepooza baadaye, mara nyingi ni ugonjwa uliomfanya hivyo, kwa sababu aliletwa amechelewa, pengine baada ya kuzungushwa kwa waganga kutafuta nani kamroga. Wekeni saini, apimwe.

Walimu nao wasimfiche mgonjwa kwa kulinda jina la shule. Ikithibitika ni meningokoka, waliolala vitanda vya jirani na waliokunywa naye kikombe kimoja hupewa dawa ya kuzuia, na hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 24 tangu mgonjwa agundulike.