Funguo za nyumba ya Tabata

Mwanangu mpendwa,

Jana saa nne asubuhi tulikabidhiwa funguo za nyumba ya Tabata, na kwa kuwa kila Jumapili huniuliza jambo hili limefikia wapi, nimeona nikuandikie kwa kituo.

Funguo zenyewe ni tisa, zimefungwa kwa kipande cha kanga kilichochujuka. Mama aliyetuuzia alinitembeza mlango baada ya mlango: huu wa geti, huu wa stoo, huu wa mlango wa uani, ambao sharti uunyanyue kidogo kwa goti ndipo kitasa kizunguke. Wa tisa haukufungua chochote. Akaujaribu hata kwenye kabati la jikoni, akacheka, akasema labda ulikuwa wa kufuli lililokwisha kuoza, lakini hakuuchomoa. Baba yako ameagiza vitasa vyote vya nje vibadilishwe kabla hatujalala humo, kwani nyumba iliyokaliwa miaka zaidi ya thelathini, ikapangishwa na kurudishwa, hakuna ajuaye funguo zake zimefika mikononi mwa nani.

Sasa usiwatangazie shangazi zako kwamba tumeshapata hati. Tunazo funguo tu. Jina lililoko kwa msajili wa hati bado ni la mzee yule, mume wa mama aliyetuuzia. Mkataba tulisaini mbele ya wakili, na mkewe naye akaweka saini ya ridhaa, kwa maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume wala mke kuuza nyumba ya ndoa bila mwenzake kukubali. Kabla ya uhamisho kukamilika, muuzaji anapaswa kulipa kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida aliyopata kwa kuuza, pamoja na malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi ambayo, kusema kweli, tuliyagundua sisi na si yeye. Mpaka hapo sehemu ya fedha imebaki kwa wakili. Unaikumbuka nyumba ile ya kwanza, ambayo dalali alitukimbiza tutoe arubuni siku ile ile? Upekuzi kwa msajili ulionyesha imewekwa rehani benki. Tangu hapo baba yako haamini neno la mtu, anaamini karatasi yenye muhuri.

Jambo moja nilikuwa silijui. Hati hii ni ya miaka 66 na ilianza mwaka 1989, hivyo itakwisha mwaka 2055. Kwa kuwa ardhi ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, tulichonunua ni jengo pamoja na miaka iliyobaki, na kuomba iongezwe huenda ikawa kazi yako.

Jioni nilinunua umeme wa shilingi elfu kumi, na kodi ya jengo ikakatwa humo humo kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Hapo ndipo niliposadiki kwamba nyumba imeangukia mikononi mwetu.

Chumba chako ni kile kinachotazama mwembe. Dari imevuja kwenye kona moja na kuacha doa la rangi ya chai, na fundi amesema tatizo ni msumari wa bati, si bati lenyewe. Yule mama aliomba awe anatumiwa kikapu cha embe kila msimu, nami nimemkubalia, ingawa baba yako alikohoa. Niarifu rangi uitakayo kabla ya Jumamosi, maana fundi akishaanza kupaka nyeupe hatarudi nyuma.

Mama yako