Asante, ndugu wa Kondele

Ndugu uliyetusaidia hapa Kondele, Kisumu, ukaenda zako bila kutaja jina: asante sana. Kompyuta yetu ilikuwa inawaka, feni inazunguka, lakini skrini nyeusi tititi. Fundi mwingine alishasema tununue mpya. Wewe ulisikiliza ile milio yake tu, ukasema tuangalie RAM kwanza, yaani kile kibao kidogo cha kumbukumbu ndani ya kompyuta. Ukachomoa waya wa umeme, ukabonyeza swichi kumaliza chaji iliyobaki, ukakitoa kile kibao na kuyasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya kufutia ya binti yangu, polepole, mpaka yakang'aa. Ukakirudisha hadi kikalia tak! Picha ikaja. Kazi zote za shule za binti yangu zimo. Pesa ulikataa, ukakubali soda tu. Mungu akuzidishie.