Meli ya kontena 24,346? Tuambieni na uzito

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako la wiki iliyopita lilinifikia hapa Malaba, mpakani na Kenya, likiwa limefungia rolex, ile chapati ya mayai. Kijana mmoja wa klia, hawa wanaotoa mizigo forodhani, alikuwa anakula amesimama, nami nikamwomba ile karatasi kabla mafuta hayajaimaliza, maana nilikwishaliona neno "kontena". Nimekokota kontena kutoka Mombasa kuja Kampala miaka ishirini na sita. Neno hilo siwezi kuliona nikapita.

Mliandika kwamba meli iitwayo MSC Irina, iliyoanza kazi mwaka 2023, inabeba kontena 24,346. Kibandani ubishi ukaanza pale pale, wengine wakasema gazeti limeongeza chumvi. Nikawaambia gazeti halikudanganya, ila limetoa hesabu bila kusema ni hesabu ya nani. Hiyo 24,346 ni ya futi ishirini. Watu wa meli ndivyo wanavyohesabu: kontena ya futi ishirini ni moja, ya futi arobaini ni mbili. Ukiipakia meli hiyo futi arobaini peke yake, unapata 12,173 na nafasi imekwisha.

Hata hiyo nusu si mchezo. Gari langu na trela yake lilikuwa mita 17. Zipange gari 12,173 bampa kwa bampa, kila moja na futi arobaini mgongoni, mkia wa foleni uwe hapa getini Malaba. Foleni hiyo itapita Tororo, Naluwerere, Iganga, ivuke Nile pale Jinja, ipenye msitu wa Mabira, na dereva wa mbele kabisa atakuwa ameshafika Mukono anatafuta chai. Ni kilomita 207. Januari 2022, wakati wa vipimo vya korona mpakani, foleni ya upande wa Kenya ilirudi nyuma kilomita makumi na sisi tukalala chini ya trela tukidhani dunia imefika mwisho. Kumbe hatukutosha hata kujaza meli moja.

Urefu wake ni karibu mita 400, na upana mita 61. Kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, ni mwendo wa dakika tano kwa mtu asiye na haraka. Upande kwa upande, kontena zinakaa safu 24. Meli za mabehewa tunazozijua Port Bell ziwani hazifiki hata mita 100, na mtu akiziona mara ya kwanza hushika kichwa.

Naomba nafasi kidogo niseme injini, kwa kuwa mimi ni dereva na gazeti lenu halikuigusa. Sina ya Irina, nina ya Emma Mærsk, meli ya kontena ya mwaka 2006, ambayo mabaharia wa Mombasa walinisimulia mpaka nikaota. Silinda 14. Tundu la kila silinda lina upana wa sentimita 96, mtoto wa darasa la kwanza anaingia na mkoba wake. Piston inapanda na kushuka mita 2.5. Injini peke yake ina tani 2,300 na nguvu ya farasi kama 109,000. Langu lilikuwa na farasi 420 na nilikuwa najiona mfalme wa mlima wa Mau. Lakini kilichonishangaza ni mizunguko: inazunguka mara 102 tu kwa dakika. Gari langu likishuka chini ya 500 linatetemeka na kuzima. Tena haina giabogsi. Shafti inatoka kwenye injini moja kwa moja mpaka kwenye rafadha, ile feni inayosukuma meli. Ukitaka kurudi nyuma unaizima injini, halafu unaiwasha izunguke upande wa pili. Hebu fikiria ungeendesha hivyo kwenye mzunguko wa barabara pale Jinja.

Basi, turudi kwenye hesabu. Emma Mærsk ilipotoka, wenye meli walisema inabeba 11,000. Watu wengine wakaitazama, wakahesabu nafasi, wakasema hapana, zinaingia karibu 15,000. Hakuna aliyekosea. Maersk walihesabu kontena zenye tani 14 kila moja, wale wengine walihesabu nafasi tu. Fanyeni hivyo hivyo kwa Irina: uwezo wake wote wa kubeba ni takribani tani 240,000. Gawanya kwa 24,346. Unapata chini ya tani 10 kwa kila futi ishirini, na hapo hujatoa mafuta ya meli yenyewe. Futi ishirini ya vigae inapita tani 25 bila kutoa jasho. Kwa hiyo meli hiyo haiwezi kubeba kontena 24,346 za vigae hata kwa sala. Inabeba mchanganyiko: vigae, nguo, plastiki, viti, na nyingine tupu kabisa zinazorudi zilikotoka. Namba mliyoiandika ni ya nafasi. Anayeamua kama meli itafika ni uzito, na mahali uzito huo ulipokaa.

Somo hilo nililipata mwaka 2013 Mariakani, kwenye mizani ya malori ukitoka Mombasa. Nilipakiwa futi ishirini mbili kwenye trela moja, mzigo wa mfanyabiashara mmoja wa Kampala. Karatasi zilisema tani 13 na tani 13. Nikapanda mizani na moyo mweupe. Jumla ya gari ilikuwa ndani ya sheria. Lakini mizani haisomi jumla tu, inasoma kila kundi la ekseli, na ekseli tatu za trela zilikuwa zimezidi. Mpimaji akanitazama kama mwizi. Kumbe ya mbele ilikuwa tani 13 kweli, ya nyuma ilikuwa 19. Aliyeijaza huko ng'ambo alinakili tu namba ya mwenzake. Hakukuwa na haja ya kupunguza hata kigae kimoja. Ilitakiwa kuzibadilisha tu, nzito ije mbele, nyepesi iende nyuma. Winchi ilikuja siku ya nne. Siku zote tatu tajiri ananipigia: "Dereva, umelala na mzigo wangu?" Nililala nao, ndiyo. Chini yake.

Sasa chukua kosa hilo ulipeleke baharini. Kontena ikikaa melini haibebwi na kuta zake. Yale mabati yenye mikunjo ni ya kuzuia mvua na wezi. Kinachobeba ni nguzo nne za kona. Kila kona ina tundu la chuma, na kati ya kontena na kontena inawekwa loki, kama zile za trela zetu, inayozungushwa ikauma juu na chini. Ndani ya ngama, yaani tumbo la meli, kontena hushuka katikati ya reli za chuma kama droo ya kabati. Juu ya sitaha hakuna reli za kuzifikisha juu. Zinapandana kumi, kumi na mbili, za chini zimefungwa kwa vyuma vya kukaza, za juu zinategemea loki tu. Ukiweka ya tani 19 kileleni kwa sababu karatasi imesema 9, meli ikilala ubavu, ile ya chini inavunjika kona na safu nzima inafuata.

Hiyo ni hasara ya safu. Kuna hasara ya meli. Wanaojua mzega watanielewa haraka: mti mmoja begani, mzigo mbele, mzigo nyuma. Ukizidisha mizigo, mti hauvunjiki kwenye ncha, unavunjika begani. Wimbi refu likiinua meli katikati, omo na tezi zinaning'inia, na bahari ndiyo bega. Meli ya kontena ina tabu moja zaidi, haina kifuniko. Meli ya mafuta imefunikwa juu kama debe lililotiwa lehemu, lakini hii lazima iachwe wazi ili winchi zishushe mzigo ngamani, basi inataka kujipinda kama sanduku la kiatu lililopoteza kifuniko. Ndiyo maana kwenye kingo za juu wanaweka chuma kizito mno, katika hizi kubwa unene wa sentimita 8 mpaka 10. Kifundo changu cha mkono hakifiki hapo.

Na bado zinavunjika. Tarehe 17 Juni 2013, mwaka ule ule wa Mariakani yangu, MOL Comfort ilikatika vipande viwili katika bahari yetu hii ya Hindi, upande wa Yemen, ikitoka Singapore kwenda Jeddah. Ilikuwa na umri wa miaka mitano tu. Ufa ulianzia katika mabati ya chini, katikati, begani hasa. Mabaharia 26 waliokolewa wote. Vipande viwili vilielea kila kimoja na njia yake, cha nyuma kikazama mwezi huo huo, cha mbele kikashika moto kikazama Julai.

Miaka sita kabla yake, Januari 2007, MSC Napoli ilipasuka katika dhoruba kati ya Uingereza na Ufaransa, ikapelekwa makusudi kukwama ufukweni Branscombe isije ikazama. Wachunguzi wa Uingereza walifanya kitu ambacho mpimaji wa Mariakani angekipenda: walizipima kontena 660 za juu ya sitaha zilizobaki kavu. Kontena 137 zilitofautiana na karatasi zake kwa zaidi ya tani 3. Moja ilitofautiana kwa tani 20. Tani ishirini, Mhariri! Hiyo si makosa ya kalamu, hilo ni lori zima limesahaulika.

Tangu tarehe 1 Julai 2016 sheria ya kimataifa ya usalama wa meli inasema kontena iliyojaa isipandishwe melini mpaka uzito wake uthibitishwe: ama ipimwe nzima, au vipimwe vilivyomo kimoja kimoja na kuongezwa uzito wa sanduku lenyewe. Mwenye jukumu ni anayepeleka mzigo. Sheria nzuri, lakini karatasi ni karatasi, na wenzangu walio barabarani bado wanakutana na maajabu kwenye mizani.

Najua atatokea mtu wa kuuliza haya yanatuhusu nini sisi Waganda, watu wa nchi isiyo na hata kiganja cha maji ya chumvi. Zile za mita 400 hazitii nanga kwetu, nyingi zinakwenda kati ya China na Ulaya. Mzigo wetu aghalabu unateremshwa Salalah au Colombo, unapakiwa meli ndogo, ndipo unaingia Mombasa. Yaani kontena ya mama mwenye duka Kikuubo, Kampala, inapandishwa na kushushwa mara nyingi kuliko ya mtu wa Hamburg, na kila inapopandishwa mtu anaiamini ile namba iliyoandikwa siku ya kwanza. Mwisho anayeiamini ni dereva anayeshuka nayo mteremko wa Salgaa usiku. Wangapi tumewazika kutokana na mteremko ule, sitaki kuwataja leo.

Kwa hiyo wafanyabiashara wetu, mnaponunua huko ng'ambo, msiulize tu bei na siku ya kufika. Dai karatasi ya mizani. Kama muuzaji ana kontena mbili, zote zikiwa na uzito ule ule, mwulize mara ya pili.

Na ninyi wa gazeti, kwanza ahsanteni kwa kuandika habari za meli kwa Kiswahili, maana Kiswahili changu mimi ni cha barabarani, kimezaliwa Mombasa, kikalelewa Mlolongo, kikaoa Malaba, na mara chache nakikuta kikizungumza mambo ya injini. Aliyeanzisha mambo haya yote alikuwa mtu wa malori kama sisi, Mmarekani Malcom McLean. Meli yake Ideal X ilitoka Newark kwenda Houston tarehe 26 Aprili 1956 na masanduku 58. Hamsini na nane! Hizo tunazipitisha hapa kabla chai haijapoa. Mkipata nafasi mwandikeni.

Jambo la mwisho ni ile picha mliyoiweka juu ya habari. Ilikuwa na doa kubwa la rolex, nikaipeleka juani nione vizuri. Sitaha imefunikwa, mabomba yamelala katikati, hakuna kontena hata moja. Hiyo ni meli ya mafuta.

Dereva mstaafu,
Malaba, Tororo